Ufa Nyuma ya Tangi

Kuloba, ndugu yangu,
miaka mitatu tumesalimiana kwa kikohozi,
wewe kahawa ya juu, mimi kahawa ya chini,
na kati yetu neno moja: tuhame.
Ulisema, mlima huu umemmeza nani wetu?
Nikasema, unangoja zamu yako?
Siku hiyo ya matanga ya shangazi
bakuli la malewa lilipinduka
na hakuna aliyeinama kuliokota.

Khakasa akapanda likizo kutoka Mbale,
simu mkononi, tope hadi magotini.
Yeye na wenzake wamebuni kitabu,
kitabu kisicho na mwandishi mmoja.
"Mjomba, hotuba sitaki. Nipe sentensi."
Nikampa: Tuhame.
"Kwa nini?"
Nikampa tatu, akazitundika chini yake,
na chini ya kila moja akaacha nafasi
ya atakayeitia nguvu au kuikata.
Kisha akauliza: hii unaiamini kiasi gani?

Mimi! Niliyezoea kupima kahawa tu,
jicho langu kwenye kidole cha mnunuzi
kisije kikalala juu ya mizani.
Nilipoipima imani yangu, bila kidole,
ile sababu niliyoipigia kelele kuliko zote
ilifika robo.
Sikuifuta. Niliiacha na wembamba wake.

Wengine walikuwemo tayari.
Mwalimu Watsemwa na mvua ya shule, milimita kwa milimita.
Nabifo na bei ya ekari kule tambarare.
Mtu mmoja aliandika, Nimeota.
Hakuchekwa. Aliulizwa: umeota mara ngapi?
Na kila mmoja hukisoma kivyake:
mimi nimewasogeza karibu ninaowaamini,
wewe wako,
lakini sentensi ni zilezile,
kama Manafwa inavyopita kwangu na kwako
bila kubadili jina.

Usiku mmoja nikakuta jina lako.
Uliingia lini? Hukusema.
Mvua imezidi: unaamini. Nami naamini.
Watoto kwanza: unaamini. Nami.
Halafu hii, kwa mkono wako:
*Siogopi kuhama. Naogopa kumwacha mama
peke yake na mgomba wake.*
Hilo hukulitamka kwenye matanga.
Nafasi ya kulikata ilikuwa tupu.
Ipo tupu hadi leo.

Khakasa akabonyeza mahali tunapoachana.
Kelele zote zile, mwana wa mama,
zikashuka tawi kwa tawi, kijiti kwa kijiti,
zikatua juu ya mstari mmoja:
*Ufa nyuma ya tangi haujakua tangu mwaka juzi.*
Wewe: ndiyo. Mimi: hapana.
Ushahidi: hakuna.
Wa kwako hakuna, wa kwangu hakuna.
Nilicheka peke yangu hadi mbwa akabweka.

Kulipokucha nikakukuta kwenye tangi.
Hatukuwa tumeagana.
Nikatia mkono ufani: vidole vinne.
"Vidole vyako vinene," ukasema,
na hayo ndiyo yakawa maongezi yetu ya kwanza.
Tukapigilia vigingi viwili, huku na huku,
tukafunga katani katikati,
tukaandika kipimo, majina mawili chini yake.

Sasa kila Jumamosi tunapima.
Jumamosi ya tatu kamba ilikaza kama ya zeze.
Ukaandika: umande umeifupisha.
Nikaandika: ufa umeivuta.
Tukatazamana, tukaongeza pamoja
neno ambalo hakuna aliyekuwa nalo kwenye matanga:
hatujajua.

Lakini jana jioni, nikitoka kufunga mbuzi,
nilikuona karibu na kaburi, umepiga magoti,
unachimbua chipukizi la ule mgomba,
unaifunga mizizi yake kwa gunia, taratibu,
kama mtu anayemvisha mtoto sweta.
Nilipita kimya.
Hilo sijaliandika popote.