Mbwa wa Ghorofa ya Tano

Kila asubuhi, saa mbili kasoro, Riga ingali gizani,
seva yetu huamka na kumbeba mbwa.
Mbwa huyo alimuuma Arvīds mwaka elfu mbili na tatu
kwenye ngazi za jengo moja la matofali,
naye Arvīds, akichechemea, akaandika
chini ya *grisi sawa, breki sawa*:
*Ghorofa ya tano kuna mbwa. Anauma.*

Mbwa alishakufa. Jengo lilishauzwa.
Lifti yenyewe iling'olewa, ikaenda kwa bei ya chuma chakavu.
Lakini safu ile imo bado, jedwali moja na lifti zinazopanda leo,
na kila Zane wa simu anapouliza
nani amekwama wapi,
mashine hupekua safu milioni arobaini na moja,
humpita mbwa, humrudia, humpita tena,
na mtu yuko kati ya ghorofa, anagonga mlango kwa funguo.
Dakika nne. Nimezipima.
Dakika nne ndani ya sanduku
ni ndefu kuliko mkutano huu, Bwana Gundars.

"Nunua diski kubwa zaidi."
Tulinunua. Mara mbili.
Mlafi hatibiwi kwa sahani pana.
"Basi futa."
Skaidrīte wa uhasibu akaacha kukoroga chai.
Ni yeye aliyeichimbua, katika ile kesi ya breki,
rekodi moja ya miaka kumi na sita
iliyotuepusha na fidia ya thamani ya nusu karakana.
"Mali bila daftari," akasema, akaishia hapo.
Sote tulijua inakomalizikia.

Nikaueleza mpango kwa mdomo tu, projekta ilikuwa imegoma.
Lifti iliyo hai ikae juu na miaka yake mitatu ya karibuni.
Iliyokufa, na miaka iliyokwisha kupoa, ishuke chini,
kwenye diski za bei nafuu, za kusomwa tu, zisizohaririwa,
nakala moja hapa, nyingine Liepāja,
kwa maandishi ya kawaida
yatakayosomeka hata na programu ambazo bado hazijabuniwa.
Akiba haiozi, ndiyo,
lakini ukiirundika mlangoni mwenye nyumba hatoki.
Euro elfu tisa na mia nne.
Niliitaja haraka, kama mtu anayekanyaga maji baridi.

Gundars hakugusa bei.
"Ukiondoka wewe," akauliza, "nani atajua kufungua?"

Hilo sikuwa nimelipanga.
Usiku nikaandika ukurasa mmoja, hatua saba,
kesho yake nikampa Zane, asiyejua lolote ila simu,
nikakaa pembeni, mikono nimeikalia.
Alikwama hatua ya nne. Nikaiandika upya.
Mara ya pili, sekunde hamsini,
safu moja ikapanda kutoka chini hadi kwenye kioo.
Zane akaisoma kwa sauti, akacheka:
grisi sawa, breki sawa,
na mbwa mzima, meno yote kinywani,
ila safari hii
ametoka kwa kuwa ameitwa.