Kishikwambi cha Darasa la Tano B

Walinikabidhi kimoja.
Nikasaini daftari mbele ya afisa aliyekuwa na haraka:
kimoja, na watoto mia moja na nane.
Nikakivika soksi ya mwanangu kisipate michubuko,
nikaingia nacho Vingunguti ndani ya mkoba wa kitenge,
kati ya nyanya chungu na madaftari ya kusahihisha.

Miaka kumi na tisa nimefundisha kwa chaki.
Chaki ina sauti moja.
Humwandikia wa mbele na wa nyuma herufi ileile,
anayeona na anayebahatisha,
kisha kengele ikilia, somo limekwisha.
Na mimi huandika kwenye andalio:
"Wanafunzi wote wameelewa."
Mungu anisamehe ile "wote".

Sikudhani nilimwita mzembe mwaka mzima
kwa kunakili "mbuni" palipoandikwa "mbuzi".
Siku nilipotanua maandishi kwa vidole viwili
yakawa makubwa kama maandazi,
alisogeza kiti, akasoma ukurasa mzima bila kumeza mate,
halafu akauliza, taratibu:
"Mwalimu, kumbe hata ubaoni huwa kuna nukta?"
Sikuwa na jibu.
Nikafuta ubao ambao tayari ulikuwa umefutwa.

Pazi ana kigugumizi.
Wenzake humalizia maneno yake, tena vibaya,
naye hukubali, kwa kuchoka.
Nikampa kile kidude, nikamwonyesha kitufe chekundu,
nikamfungia stoo pamoja na mafagio.
Akatoka na dakika kumi na moja:
jinsi Msimbazi ulivyoingia chumbani bila kubisha,
kuku akapanda juu ya friji,
baba akaokoa redio kwanza, godoro baadaye,
na mama hajalisahau hilo mpaka leo.
Nikawasikilizisha darasa zima.
Hakuna aliyemmalizia neno.
Nilimpa ishirini na tisa kwa thelathini;
ile moja nilimnyima ili nisionekane nimelia.

Lakini Anzuruni, mashine ilimkataa.
Nyekundu. Nyekundu. Nyekundu.
"Jaribu tena," ikamwambia, sauti tamu kama ya dada wa benki.
Keki imekatwa vipande kumi na viwili,
Juma amekula vitatu, imebaki sehemu gani?
Keki gani? Ya harusi ya nani?
Mtoto huyu jioni anauza maini nje ya machinjio,
robo, nusu, robo tatu,
anarudisha chenji mteja hajafunga pochi.
Usiku nikakaa na programu hiyo mpaka Luku ikaanza kulia,
nikatoa keki, nikaweka maini,
nikamtoa Juma, nikamweka mama mwenye kapu na haraka.
Asubuhi, kijani.
Akabonyeza tena, kijani.
Akanitazama kama mtu aliyelipwa deni
ambalo hakujua anadai.

Alhamisi umeme ulikatika mtaa mzima.
Kinyozi ninakochajia alikuwa ameketi nje na mteja
aliyenyolewa upande mmoja.
Kioo kikazima, nikabaki najiona mwenyewe ndani yake,
nyufa mbili zikipita shavuni.

Nikashika chaki.
Mkono ukaanza zile herufi zake ndogo za miaka yote,
ukasita, ukafuta,
ukaandika maandazi.
Nikamuuliza Pazi swali, nikafunga mdomo wangu.
Nzi akatembea dirishani, chini mpaka juu, akarudi.
Mtu nyuma akakohoa.
Jibu likaja, limevunjika mahali patatu,
lakini lake.

Wamebaki mia moja na watano.
Kuna mmoja pale karibu na mlango
ambaye bado sijui hata anaandikia mkono gani.

Andalio la leo nimejaza hivi:
"Wameelewa watatu. Mwalimu, nusu."
Mwalimu mkuu amelirudisha nirekebishe.
Liko mezani.
Nimeliwekea kikombe cha chai juu yake.