Siku Arobaini na Moja

Nurkiz alishuka kwenye basi la Bishkek mwezi wa pili,
umri miaka ishirini na minne, pua nyekundu kwa baridi,
ubao mweupe kaukumbatia kama mgonjwa.
Akakodi posta iliyofungwa mume wangu angali hai.
Akabandika mlangoni: Akina mama, hesabu na biashara. Chai ipo.

Tulikwenda kwa ajili ya chai.

Tulikuwa tisa. Sairakan alileta sindano zake za kufumia,
Totugul alileta mjukuu mwenye kikohozi,
mimi nikaleta ulimi wangu:
"Binti, nimezaa watano na kuzika mmoja,
wewe ndiwe wa kunifundisha kuhesabu?"
Akacheka. Akanipa kalamu.

"Andika gharama za zulia, mama Burul."
Nikaandika: manyoya ya kondoo sita.
Rangi, nyekundu na ile ya bluu ya usiku. Sabuni. Uzi.
Samadi kavu ya kuchemshia maji.
Akasoma, akajikuna sikio.
"Na siku zako?"
"Siku zipi?"
"Za kuosha, kuchambua, kumwagia maji ya moto,
kukanyaga mpaka manyoya yashikane,
kukata zile pembe za kondoo dume
na kuzishona moja moja."

Sikujua siku zina bei.
Kwetu siku ni za Mungu, zinazobaki ni za mume na mifugo,
na makombo yake ndiyo unayoshonea.

Tulihesabu kwa vidole, kisha kwa mashine:
arobaini na moja.
Namba zikajipanga ubaoni, na chini ya mstari,
kabla ya jumla, kijistari kifupi. Alama ya kutoa.
Miaka kumi na tisa Ermek mchuuzi ananunua mazulia yangu,
kumbe mimi ndiye niliyekuwa nikimlipa ayachukue.

Nilimchukia yule binti juma zima.
Usinicheke. Anayekuonyesha kidonda
unamwona ndiye aliyeshika kisu.

Ermek akaja, injini inanguruma nje.
Nikamtajia bei. Sauti ilitoka nyembamba, si yangu.
Akacheka, akaenda zake, theluji ikaruka nyuma ya magurudumu.
Tukala viazi.
Zulia likalala limekunjwa kando ya kitanda
na usiku nikawa naliambia, "Elfu kumi na nane,"
"Elfu kumi na nane,"
mpaka sauti ikanenepa.

Aprili akarudi. Hakucheka.
Alisema kumi na tano. Nikamwambia anywe chai, inapoa.
Alikunywa vikombe vitatu.
Alitoa kumi na saba na nusu,
na ile nusu bado inaniuma.

Jana usiku nilipita posta, taa inawaka.
Nurkiz kalala juu ya daftari, koti mabegani,
shavu limepakwa wino.
Nikasoma, maana siku hizi nasoma namba
kama nilivyozoea kusoma mawingu:
Kodi. Umeme, miezi miwili haujalipwa.
Kalamu. Majani ya chai, maziwa, chumvi.
Jumla, imepigiwa mistari miwili, safi kabisa.

Nikamgusa bega.
"Na siku zako?"

Akafumbua jicho moja.
"Siku zipi?"

Nikavuta kiti.