Soksi ya Reino

Kila Jumatatu, mashine ikimaliza kufua,
sinki la jikoni hukoroma.
Si kwa nguvu. Kama mtu aliyelala chali.
Kisha harufu. Kisha Bi Irja Lehtola
hufungua dirisha, na Januari ya Thunder Bay
huingia jikoni bila kupiga hodi.

Alinipigia simu:
"Fundi, nyumba yangu ina kwikwi."

Nikapiga goti chini ya sinki.
Pale bomba linapojipinda kama shingo ya bata
hubaki maji kidogo, kikombe kimoja hivi,
na hayo ndiyo bawabu:
uvundo wa mtaro ubaki mtaroni.
Sasa mashine inapotapika ndoo nzima kwa mkupuo
nyuma yake huacha utupu, na utupu una kiu.
Ukikosa hewa hunywa chochote.
Humnywa hata bawabu.

Nikamweleza: maji hayashuki vyema
pasipo hewa kuyasindikiza.
Bomba lisilopumua halipumziki.
Akasema, "Reino alilijenga mwenyewe.
Reino hakuwa mtu wa kusahau."
Nikanyamaza. Wajane wa mafundi wa Jumapili
wote husema hivyo.

Tukatoboa ukuta nyuma ya mashine.
Nilitarajia ujinga.
Nikakuta kiungo cha njia tatu, gundi safi,
mteremko uliopimwa kwa pimamaji,
na bomba linapanda,
linapanda kati ya mbao, linapita chumba cha kulala,
nami nalifuata kwa ngazi na kurunzi
hadi darini, kwenye pamba ya vioo inayowasha shingo,
na huko, shibiri moja chini ya paa,
likakoma.

Mdomoni limezibwa kwa soksi.

Ya sufu, ya kijivu, mstari mwekundu kifundoni.
Kwenye boriti, maneno ya penseli, Kifini.
Nikayapiga picha, nikashuka, akanisomea:
"Nitatoboa theluji ikiyeyuka."
Na tarehe. Miaka kumi na tisa.

"Alianguka Februari ile," akasema,
"akisukuma gari la jirani lililonasa."
Aliishika soksi kwa vidole viwili.
"Nilimgombeza kwa hii. Alisema hajui ilipo.
Nikadhani mashine ndiyo iliyoimeza."

Basi, haikuwa na la kujitetea, maskini mashine.

Nikapanda tena kupima.
Nyuzi thelathini na moja chini ya sifuri:
gundi haikamati, vigae vya lami huvunjika kama biskuti,
na mtu mwenye akili zake husubiri.
Nikachomoa penseli sikioni,
nikaandika chini ya mwandiko wake:
Mwezi wa nne.

Nikasoma mistari yote miwili.
Nikaisoma tena.
Nikashuka kuchukua kamba.

Sitawapigia chuku za juu ya paa.
Niliikomboa theluji kwa sepetu, kiuno kimefungwa
kwenye bomba la moshi, kopo la gundi kwapani
lipate joto la mtu. Msumeno ulilia.
Nikaweka bomba pana, maana jembamba huku
hujijengea barafu midomoni hadi likafa.
Vidole viwili vya kushoto bado sivisikii vizuri.

Nilipoingia ndani alikuwa ameshaitia soksi mashinani.
Peke yake. Mzunguko mzima, sabuni nzima,
kwa soksi moja.
Tukasimama jikoni tukiliangalia sinki
kama watu wanaosubiri mtoto alale.
Mashine ikazungusha, ikakohoa, ikamwaga.

Sinki kimya.
Ndani ya tundu, yale maji ya kikombe kimoja
yakatikisika kidogo, yakatulia.

Nje, juu ya paa,
uzi mweupe wa mvuke ulikuwa umesimama wima.

"Kiasi gani?" akauliza.
Nikamtajia.
"Ghali," akasema, akaenda kutafuta pochi,
na alichukua muda mrefu kuitafuta.