Changanua Mofimu

Swali la tano, alama sita.
Mwalimu Anyosisye ameandika kwa chaki
kwenye mlango wa chumba cha kupokelea maziwa,
kwa kuwa ubao hatuna:
asilazimishwe.

Neno nimelileta mimi.
Nililinakili Tukuyu, ofisi ya elimu,
siku mama alipofunga genge lake la ndizi
akavaa viatu vya kanisani
ili akaulize ni kifungu gani
kinachofungia namba yangu ya mtihani kabatini
mpaka nilete risiti ya Kambi ya Ushindi:
laki moja na nusu, godoro juu yako.

Karani hakujibu.
Aliinua kalenda ya duka la mbolea kwa kidole kimoja.
Waraka ulikuwa nyuma yake, umejikunja kwa ukungu wa Rungwe.
Mwanafunzi asilazimishwe.
Mama, aliyeishia darasa la nne,
aliusoma kwa sauti mara mbili,
ya pili akiyaelekea madirisha.

Haya. a- ni mimi,
ingawa sheria hainijui; inasema "yeye"
kama mtu anayemwekea kiti mgeni asiyemjua jina.
-si- ni kigingi.
-lazim- ni mzizi, na mzizi hauna kosa:
huku mvua ni lazima, ng'ombe kukamuliwa ni lazima,
hata mtihani.
Kosa linaanzia -ish-. Hapo ndipo ulipo mkono.
Mwenye mkono namfahamu: paredi ya Jumatatu,
koti la kijivu, "Kambi ni hiari,
na ambao hawajaleta hiari yao
wabaki mstarini."
Tulibaki kumi na mmoja, umande ukipanda soksini.

-w- ni sisi tuliosimama.

Tulinagwe alilipa. Msimwite mwoga.
Kwao baba akilewa huvunja taa;
kambini kuna umeme hadi saa nne usiku
na mlango wenye komeo.
Alichagua. Neno hili ni lake pia.

Namba yangu nilipewa juzi
kwenye kipande cha karatasi ya sukari, bila salamu.
Mama ameifunga kwenye pindo la kitenge
pamoja na chenji ya nauli,
na kila akihesabu chenji huihesabu nayo.

Imebaki -e.
Mwalimu anagonga ndoo kwa peni: "Kiishio, Bupe?"
Kiishio cha matakwa, nasema.
Ni jambo linalotakiwa. Halijawa.

Ananyamaza. Nje debe la kwanza la jioni limefika,
linapimwa, linaandikwa daftarini.
Nachukua chaki. Chini ya neno lake naandika
halazimishwi.

"Hilo halikuulizwa," anasema,
kisha anaufungua mlango taratibu,
chaki isiguse ukuta.