Yupo, Hayupo

Mwezi wa nne, Nyando ilipovunja kingo,
maji yaliingia Kakola bila hodi,
na saa mbili usiku watu wakaingia kwetu.

Kwetu, yaani seva moja
chini ya meza, ghorofa ya pili, Kibuye,
juu ya duka la viatu vya mitumba,
feni yake ikikohoa kama mgonjwa wa kifua.
Siku za kawaida ilihudumia wasomaji mia mbili:
bei ya omena, matokeo ya mpira, matangazo ya vifo.
Usiku ule tuliweka orodha,
majina na picha za waliookolewa, kambi kwa kambi.
Watu elfu arobaini wakagonga mlango mmoja.
Seva ikafa. Sikuilaumu.

Shivachi akasema, "Umewahi kuona matanga
yakipikiwa sufuria moja?"
Kwao Mbale, msiba ukiwa mkubwa,
sufuria huazimwa kwa majirani,
mafiga hupangwa mstari nyuma ya nyumba,
na mtu mmoja, ambaye si mpishi, husimama njiani:
wewe nenda jiko lile, wewe lile, hili limejaa.

Tukaazima. Seva nne za kukodi
katika nchi nisiyoijua hata kwa picha,
zikilipiwa kwa saa, kwa kadi ya benki ya dada yangu.
Tukanakili mtambo mzima mara nne,
tukaweka bawabu mbele agawe wageni.
Hifadhidata ikabaki na mwandishi mmoja wa daftari;
wenye kusoma tu wakapewa nakala.
Kurasa zisizobadilika tukazipika mapema,
zikae chunguni, anayekuja apakuliwe aende.

Saa sita grafu ikatulia. Shivachi akafungua soda.
Nikajiona fundi.

Saa sita na dakika kumi, simu.
"Naitwa Penina Aloo. Nimemwona mwanangu Okinda,
sweta nyekundu, amekaa juu ya dawati, shule ya Ahero.
Nikamwita dada yake aje aone,
ukurasa ukajifungua upya, hayupo.
Nikabonyeza, hayupo. Nikabonyeza, hayupo.
Kisha yupo! Kisha hayupo tena.
Nyinyi mnamficha wapi?"

Nilielewa kabla hajamaliza, na vidole vikapoa.
Picha iliwekwa kupitia seva ya kwanza
ikabaki humo, tumboni mwake peke yake.
Bawabu, kwa haki yake isiyo na macho,
alimpeleka mama mara moja kwa aliyemjua mtoto
na mara tatu kwa wasiomjua.
Robo ya mtoto.
Hicho ndicho nilichompa.

Ningemwambia nini kuhusu usawa wa mzigo?
Nilisema, "Mama, usikate simu."
Nikajenga ghala moja la picha, nje ya seva zote,
kila seva ikapewa ufunguo wa mlango uleule.
Nikahamisha picha elfu moja mia sita na tatu,
watoto, vikongwe, mwanamume aliyekumbatia redio,
huku upande wa pili nikisikia mvua juu ya mabati
na mtu akipumua.
Salio lake likaisha. Nikampigia mimi.
Dakika thelathini na saba,
hakuuliza hata mara moja ninafanya nini.

"Bonyeza."
"Yupo."
"Tena."
"Yupo."
"Tena, mama."
"Yupo. Ana tope shavuni."

Tulifika mara kumi na mbili,
seva nne, kila moja mara tatu, kwa hesabu yangu.
Shivachi alikuwa amelala kitini, soda mkononi.
Ya kumi na tatu sikumwambia.
Alibonyeza mwenyewe.