Pacha Asiyekunjika

Nilikinunua Barabara ya Kirinyaga kwa mshahara wa kwanza,
kisu cha kukunja, mpini wa mti mwekundu,
ubavu wake sasa umelika pale kidole gumba kinapolala.
Miaka kumi na mmoja. Miche siihesabu tena:
miparachichi, miembe, michungwa ya watu wa Karen
ambao hawana miaka saba ya kusubiri tunda.

Kazi yangu ni kupandikiza, kando ya Barabara ya Ngong,
kitaluni, kati ya wauza vitanda na wauza vyungu.
Mkato mmoja wa mshazari, usiotetemeka,
kisha kikonyo juu ya shina, kisha utepe
tunaoukata kwenye pakiti za maziwa.
Ukikata mara mbili umeua.

Na kisu changu kinajua kukata mara moja.
Shida ni kiungo.
Utomvu huingia pale, vumbi la malori likaufuata;
asubuhi za Julai nakifungua kwa meno
kama kizibo cha soda,
na alasiri, nikikikandamiza kwenye gome gumu,
bapa hulegea, hucheza, tik, tik,
kama jino la mtoto wa darasa la kwanza.
Mwezi wa tatu kilijifunga juu ya kidole changu.
Nanjala alinifunga jeraha kwa utepe uleule wa miche,
akasema: subiri, utachipua.

Sitaki kisu kingine. Hilo ndilo watu hawalielewi.
Tajiri wangu aliniletea kipya, kimenyooka,
kizito kama kauli ya hakimu.
Nakitumia kukatia kamba.
Nataka hikihiki:
tumbo hili, ncha hii iliyoinama kidogo
kama mtu anayesikiliza,
mpini huu,
ila bila goti.

Samaki mkunje angali mbichi, tuliambiwa.
Hatukuambiwa la kufanya na chuma kilichokunjwa zamani
kinachotamani kunyooka.
Au ni mimi ninayetamani? Kisu hakijalalamika.

Jumamosi nikashuka Kamukunji.
Nyundo mia, kila moja na hasira zake.
Kithome, kati ya majiko na masanduku ya bati,
akakifungua, akakifunga, akakinusa.
"Tone moja la kuchomelea hapa kwenye kiungo," akasema,
"shilingi mia, na hakitakunjwa hadi kiama."
Nikakipokonya mkononi mwake
kama mama aliyeona sindano.
Si hivyo, fundi. Huyu mwache na goti lake.
Nataka ndugu yake. Pacha. Aliyezaliwa amesimama.

Uso ukamkunjuka kwa kicheko.
"Na utambeba wapi, huyo aliyesimama?"

Hilo sikuwa nimelifikiria.
Maana huyu hulala mfukoni mwa aproni, kimya kama deni.
Bawabu wa supamaketi hunipitishia kile kifimbo kinacholia,
namwonyesha, kimekunjwa; husema pita, mama.
Asiyekunjika huitwa silaha.
Atataka ala, mshipi, maelezo.
Atalala uchi mezani usiku kucha
na mimi nitajua.

Hata hivyo, fundi, chora.

Akachana kipande cha mfuko wa saruji,
akakilaza kisu juu yake, kiwazi, akakizungushia mkaa
taratibu, kama anayempima mtoto viatu.
Nikamsahihisha kwa kidole: hapa punguza. Gumba hulala hapa.
Chuma cha springi ya lori, akasema.
Elfu moja na mia tano. Wiki mbili, mvua ikikubali.
Nilikuwa na mia nne, na nauli.

Nikauomba mchoro.
Nikasimama pale, mikokoteni ikinipigia mbinja nipishe,
nikautazama: mrefu, mnyoofu, hauna kiungo hata kimoja.
Kisha nikaukunja mara nne
nikautia mfukoni, ubavuni mwa kisu.